Besi ya Mukiri

Utando wa sabufa ulipanda na kushuka mara moja, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala, ilhali hakukuwa na waya hata mmoja ulioiunganisha na kitu chochote. Nthiga aliona. Akaondoa kiganja chake juu yake upesi, akakipangusa kwenye suruali, akamtazama mkewe.

Makandi hakuona, kwa sababu alikuwa anagombana.

"Gari ni langu," alikuwa akimwambia Mbaka, mwenye duka. "Mimi ndiye nitakayelipa na mimi ndiye nitakayesikiliza. Lakini tangu tuingie hapa unaongea na bwanangu, kana kwamba mimi ni mzigo aliobeba."

"Pole, madam. Ni mazoea tu."

"Basi yaache."

Duka lenyewe lilikuwa Makutano, mjini Meru, limejaa redio za magari na spika ukutani kuanzia sakafuni hadi darini. Makandi alikuwa ametoka Githongo asubuhi hiyo na gari lake jeusi la Harrier alilokuwa akilikodisha kwa harusi. Msimu wa Desemba ulikuwa unakaribia, na maharusi wa siku hizi hawatosheki na maua kwenye boneti. Wanataka gari likiingia uwanja wa kanisa, watu wausikie muziki kifuani kabla hawajausikia masikioni. Kwa kazi hiyo hakuna dawa ila sabufa, yale maspika makubwa ya besi yanayofungwa butini.

Alisikiliza ya inchi kumi. "Hii ina adabu mno," akasema. "Inaongea kama mgeni." Ya inchi kumi na tano ingemeza buti lote, na harusi ina mizigo. Mbaka akamwekea nyingine ndani ya boksi lenye tundu mbele. Ilivuma mpaka vioo vya kabati vikatetemeka, lakini kila pigo liliburuta mkia na kuingia katika pigo lililofuata, ngoma zote zikawa uji.

"Hicho ni kinu cha mahindi," Makandi alisema.

"Madam, hii ina wati nyingi sana."

"Wati sizisikii. Nasikia besi. Nataka boksi lililozibwa pande zote, besi ipige halafu inyamaze."

Ndipo alipoona boksi lile aliloegemea mumewe, pembeni, nusu yake imefunikwa turubai. Lilikuwa na sabufa mbili za inchi kumi na mbili, limevikwa zulia jeusi, kona moja imechubuka.

"Na hizo?"

Mbaka alivuta turubai kulifunika zaidi. "Hizo zimetumika."

"Sikukuuliza kama zimetumika. Ziunganishe."

Besi iliyotoka ilikuwa safi, nzito, yenye mwanzo na mwisho. Makandi alifumba macho. Alipoyafumbua, hasira yote ilikuwa imemtoka, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Mama Karwirwa," Nthiga alimwita kwa jina la binti yao, akishusha sauti. "Hizi tuziache."

"Kwa nini?"

"Zimenipumulia."

Makandi alicheka. Mbaka akasema ni upepo, mlango uko wazi, mzee asijali. Lakini yeye hakucheka. Alizifunga butini kwa mikono yake mwenyewe, akakubali bei ya kwanza aliyotajiwa, na walipoondoka alikuwa tayari ameuteremsha mlango wa chuma wa duka, ingawa ilikuwa bado asubuhi.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ndani ya juma hilo kila walipofungua buti walipigwa na harufu ya ndizi mbivu zilizopondwa, ikichanganyika na petroli. Makandi aliosha buti kwa sabuni, akaanika zulia kwenye ua wa kahawa, akalirudisha. Harufu ikawa palepale. Kisha kuku waliozoea kulala kivulini chini ya gari wakahama. Kisha mlio ukaanza.

Ulikuwa mlio wa chini mno, usiosikika vizuri na sikio, unaopita kwenye udongo na kuingia kwenye nyayo. Makandi aliusikia akiwa jikoni anapika githeri mchana kweupe. Gari lilikuwa limezimwa. Alidhani ni Nthiga anacheza na redio, akatoka na mwiko mkononi kumkaripia, akamkuta amesimama kando ya gari na waya wa betri mkononi, ameung'oa.

"Nimekata umeme wote," alinong'ona. "Sikiliza."

Mlio ukaendelea. Dum. Dum-dum. Kimya. Dum. Dum-dum.

"Umefungua nini huko?" Makandi alifoka, kwa kuwa woga wake siku zote ulitoka na sura ya hasira. "Umeharibu nini?"

"Mimi sijaharibu. Huo si muziki, Makandi. Muziki haupumziki hivyo. Hiyo ni namna mtu anavyogonga mlango."

Aliposema hivyo, mlio ukakoma ghafla, kama anayegonga amesikia watu ndani.

Mtu mwingine angeyang'oa maspika yale siku hiyo hiyo. Makandi alikataa. Alikuwa ameahidi gari lenye muziki kwa harusi ya Kanana, binti wa jirani yao, na alisema hatashindwa na boksi la mbao katika boma lake mwenyewe. Jumamosi ilipofika walilivika gari riboni nyeupe. Nthiga akashika usukani, Makandi akakaa kando yake, Kanana akaketi nyuma na shela yake, mikono imekunjwa mapajani. Aliomba muziki uzimwe kwanza, apate kusali.

Walikuwa wanakata kona ya kiwanda cha kahawa aliposema, kwa sauti ndogo sana, "Mama, kuna mtu ananigonga mgongoni."

"Ni barabara, mwanangu. Ina mashimo."

"Barabara haiongei."

Nthiga akapunguza mwendo. Ndani ya gari hakukusikika kitu ila shela iliyokuwa inasuguana na kiti, halafu ile harufu ya ndizi ikapanda kutoka nyuma, tamu, nzito, ikajaa puani na kooni, na mlio ukaanza chini kabisa kama siku zile nyingine, lakini safari hii haukubaki chini, ulipanda, ulipanda kama maji yanavyopanda kisimani wakati wa masika, ukapita miguuni, ukapita tumboni, na kadiri ulivyopanda ndivyo ulivyozidi kupata umbo, ukawa na pumzi, ukawa na ulimi, mpaka lile ambalo sabufa yoyote duniani haiwezi kufanya, kwa sababu sabufa hunguruma tu na haijui maneno, likafanyika wazi nyuma ya mgongo wa bibi harusi, na sauti ya mwanamume, iliyokauka kwa kiu, ikasema kwa Kimeru:

"Si hiyo. Nitoe mimi kwanza."

Kanana alifungua mlango gari likiwa bado linatembea. Alianguka kwenye nyasi, akainuka, akakimbia na shela yake barabarani kuelekea kanisani akipiga mayowe, na watu waliokuwa wamejipanga kumpokea kwa vigelegele wakamwona anakuja mbio kwa miguu, vumbi hadi magotini.

Mchungaji Mithika hakuwa mtu wa kuogopa. Alimtuliza bibi harusi, akamkabidhi kwa shangazi zake, kisha akatoka na Biblia yake na wazee wawili, akaamuru buti la gari, lililokuwa limemfuata Kanana, lifunguliwe pale pale uwanjani, jua likiwaka. Hakukuwa na kitu ndani ila boksi jeusi. Akaweka mkono juu yake.

"Wewe pepo," alisema kwa sauti ya mimbari, "kwa jina la Yesu, toka!"

Boksi likatetemeka. "Nitoe," sauti ikajibu.

"Nasema toka!"

"Nitoe!"

"Toka!"

"Nitoe! Nitoe! Nitoe!" Na sasa haikuwa sauti ya kutisha tena, na hilo ndilo lililotisha zaidi, ilikuwa sauti ya mtu anayelia. Mchungaji aliondoa mkono. Akamwambia Makandi, taratibu, wengine wasisikie, "Mama, nimewahi kuona pepo waliokataa kutoka. Huyu hakatai. Huyu anaomba."

Makandi alifunga buti. Alikumbuka mlango wa chuma wa duka la Mbaka, ulioteremshwa asubuhi ile waliponunua.

"Baba Karwirwa, washa gari," alisema. "Twende kwa yule mwizi."

Mbaka aliwaona wakiingia na akarudi nyuma hadi alipogusa ukuta. Makandi hakumpa nafasi ya salamu.

"Hizi sabufa ulizitoa wapi?"

"Niliuziwa na vijana, madam. Mimi sijui..."

"Vijana gani? Gari la nani? Harusi ya watu imeharibika, msichana amekimbia barabarani kama anafukuzwa na nyuki, na wewe hujui?"

"Kulikuwa na pikapu," Mbaka alinong'ona. "Iliyoanguka mteremko wa Mitunguu. Ya mfanyabiashara wa ndizi, anaitwa Mukiri. Alikufa. Vijana walichukua vitu, wakaniletea. Ni hayo tu. Naapa ni hayo tu."

"Ana mzazi?"

"Mama yake yuko. Ciakuthii. Lakini madam, usiende huko. Yule mama hasira zake..."

"Zangu umeziona?" Makandi akamuuliza, akatoka.

Walimkuta Ciakuthii katika shamba lake huko Mitunguu, anafungulia maji ya mfereji yaingie kwenye migomba. Alikuwa mwanamke mzee, mwembamba, panga mkononi, leso kichwani. Makandi alikuwa amejiandaa kueleza kwa upole, lakini hakuhitaji. Nthiga alipofungua buti, mama yule alinusa, akalitazama boksi, akaiona ile kona iliyochubuka, akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Aliligonga mwenyewe kwenye mlango wa nyumba yangu," alisema. "Siku aliyolileta kunionyesha."

Akaipapasa kona hiyo.

"Mwanangu hakufa upesi. Daktari aliniambia. Alibanwa miguu tu. Angetolewa akapelekwa hospitali, angekuwa hai. Nilipofika niliikuta pikapu haina magurudumu. Haina betri. Ndizi zote zimebebwa, zilizobaki zimekanyagwa. Walifungua hata kiti kilichokuwa kando yake, wakakitoa, wakamwacha yeye." Alizungumza bila kupandisha sauti, na kila neno lilitoka kama jiwe linalowekwa juu ya jiwe. "Watu wengi, mchana. Wengine wanauza mboga karibu na mimi sokoni mpaka leo. Wananisalimu."

"Mama," Nthiga alisema kwa heshima, "anasema, 'Si hiyo. Nitoe mimi kwanza.' Tumekuja kukuomba, labda akikusikia wewe atatulia."

Ciakuthii alimgeukia. "Unataka nimwambie mwanangu anyamaze?"

"Hapana, mama, ninachosema..."

"Alinyamaziwa na soko zima. Na mimi nimnyamazishe? Kama ningekuwa na sauti hiyo ya kutikisa ardhi, ningepiga kelele mpaka Mlima Kenya uanguke!" Alifuta panga kwenye nyasi. "Hiyo 'si hiyo', alikuwa anamwambia mtu. Kuna mtu alikuwa mbele yake na spana. Nipelekeni kwa aliyewauzia."

Makandi alimfungulia mlango wa mbele. Alikuwa amempenda mama huyo tangu neno la kwanza.

Walifika Makutano barabara ikiwa imejaa watu wa sokoni. Nthiga alilibeba boksi, akaliweka katikati ya duka. Ciakuthii akaketi kwenye benchi la wateja, panga magotini, na wapita njia wakaanza kusimama mlangoni, maana sura yake haikuwa ya mtu aliyekuja kununua redio.

"Mbaka," alisema. "Nitajie aliyefungua skrubu."

"Mama, nilishasema ni vijana. Siwajui."

"Nitajie."

"Siwajui!"

Hapo boksi likapumua. Watu wa mlangoni wakarudi hatua moja nyuma. Harufu ya ndizi ikajaa duka, na mlio ukatambaa sakafuni, ukaupanda ukuta, ukaingia katika spika ya kwanza iliyotundikwa pale, ambayo haikuwa imeunganishwa na chochote, kisha ya pili, kisha zile ndogo za milangoni, kisha zile kubwa zilizo bado na nailoni ya kiwandani, mpaka ukuta mzima, kuanzia sakafuni hadi darini, ukawa unapanda na kushuka kwa pumzi moja, na katika pumzi hiyo sauti iliyokuwa imezibwa ndani ya boksi la mbao ikapata midomo ya kuitosha, ikasema, bila kukaripia, kama mtu anavyomwita mtu anayemfahamu:

"Mbaka. Mbaka, rafiki yangu. Si hiyo. Nitoe mimi kwanza."

Mbaka alianguka magotini.

"Nilimfungia mimi," alisema huku anaziba masikio. "Hizo sabufa nilimfungia mimi mwenyewe, alikuwa mteja wangu, alikuwa ananiita ndugu. Nilipita nikaona gari. Watu walikuwa tayari wanabeba. Nikasema kama si mimi atachukua mwingine. Aliniona. Aliniita kwa jina! Nikafikiri ataokolewa na wengine, watu walikuwa wengi, nikafikiri..."

"Ulifikiri ukiwa umeshika spana," Ciakuthii alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sema kwa sauti. Hao wa mlangoni hawajasikia."

Akasema. Alisema yote, na alitaja wengine aliowaona siku hiyo, jina kwa jina, na mlangoni kulikuwa na mwanamke aliyejaribu kuondoka kimyakimya, watu wakamzuia. Mzee mmoja aliyekuwa na duka la jirani alimshika Mbaka mkono, akaondoka naye kwenda kituo cha polisi, na umati ukawafuata ukizomea. Makandi alitamani kumfuata Mbaka ampige. Alikuwa ameshakunja ngumi. Kilichomzuia ni kumwona Ciakuthii anapiga magoti mbele ya boksi, polepole kwa sababu ya umri.

"Mukiri," mama yule aliita. "Wamesikia. Umesikia wakisikia? Sasa mimi nimekuja, na mimi ndiye ninayekutoa." Akainua panga, akachana utando wa sabufa ya kwanza kutoka ukingo hadi ukingo, kisha wa pili. Upepo ulitoka ndani ya boksi, wa vuguvugu, ukainua ncha ya leso yake, ukapita katikati yao. Spika za ukutani zikatulia. Harufu ikaondoka, duka likabaki linanuka nailoni na vumbi.

Wakaanza safari ya kumrudisha mama yule kwake. Jua lilikuwa bado liko juu walipoanza kuteremka kuelekea Mitunguu, na katika mteremko ule ule alioangukia Mukiri, kabla ya kona, wakakuta msongamano. Lori la mafuta ya kupikia lilikuwa limelala ubavu. Watu walikuwa wanakimbia na mitungi, ndoo, sufuria; wanawake walikuwa wamefunga makopo kwa leso; wanaume walikuwa wanarushiana madebe na kucheka.

Nthiga alikanyaga breki. Ciakuthii alikuwa ameshashuka.

"Dereva yuko wapi?" alipaza sauti.

Hakuna aliyegeuka.

"Nauliza dereva yuko wapi!" Aligonga ubavu wa lori kwa ubapa wa panga, mlio ukasikika bonde zima. "Wana wa nani nyinyi? Mmenyonya maziwa ya nani? Mtu yuko ndani ya chuma hiki na nyinyi mnakinga mafuta? Wewe, Salesio, nakujua! Weka chini! Weka chini au nitakukata mkono huo nimpelekee mama yako!"

Makandi naye alishuka, na hasira yote iliyokuwa imekosa pa kwenda siku ile ikapata mahali. Alimpokonya mwanamume mmoja debe, akalitupa mtaroni. Alimvuta mwingine kwa kola hadi kwenye kichwa cha lori. "Shika hapa! Wewe pia, njoo, shika!" Mmoja akaacha mtungi, kisha wa pili, kwa aibu, kisha wengine wengi, na watu wale wale waliokuwa wanapora wakaukunja mlango kwa mikono iliyojaa mafuta, wakamtoa dereva akiwa hai, mguu umevunjika, damu usoni. Wakamlaza juu ya viti vyeupe vya gari la harusi. Nthiga akaendesha hadi hospitali huku amewasha taa zote.

Dereva aliitwa Njiru, mtu wa Embu. Alipokwisha kufungwa mguu waliruhusiwa kumwona, na alimshika Ciakuthii mkono kwa mikono yote miwili.

"Cucu, bibi yangu, asante. Asanteni wote." Kisha akatazama nyuma yao, mlangoni. "Na yule mwenzenu, mbona hakuja?"

"Mwenzetu yupi?" Makandi aliuliza.

"Yule kijana aliyekuwa ndani na mimi. Alikuwa amekaa kando yangu kabla hamjafika. Walipoingiza mikono kung'oa redio aliwafokea, wakaruka kama wameungua. Kimeru mimi nasikia nusu nusu, lakini matusi huwa nayajua. Alitukana, jamani! Hakupumzika mpaka cucu alipogonga lori."

Nthiga alimsogelea. "Ulikuwa na tanboi, msaidizi wa garini?" alinong'ona.

"Mimi? Nilikuwa peke yangu tangu Embu."

Makandi na Nthiga waligeuka pamoja kutazama mlango. Ciakuthii peke yake hakushtuka, aliinamia kitanda.

"Alisema nini hasa?"

Njiru aliona haya. "Aa, cucu. Siwezi kulitamka mbele yako."

"Litamke."

Akainua kichwa kwa shida, akamnong'oneza sikioni. Mama yule aliinuka, mkono bado mkononi mwa mgonjwa.

"Ni yeye," akasema. "Neno hilo nilimkataza tangu akiwa mdogo, na hakuwahi kunisikiza."